Marehemu Muuza Bangili

Wahenga hawakuwa na televisheni, lakini wauzaji waliwajua. Walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Maana yake ni kwamba kitu kizuri hutulia mahali pake na watu wakakifuata, hata kikiwekwa uvunguni. Kitu kibovu hakina raha ya kutulia. Lazima kizunguke, kibishe hodi, kijipake rangi, kijisifu kwa mdomo wake na kwa midomo ya kuazima. Wengi huitumia methali hii kwa utani wanapoona bidhaa inapigiwa debe kupita kiasi. Othmani wa Jeppestown haisemi kwa utani. Mdomo ulioazimwa ulikuwa wa mkewe.

Othmani alikuwa mtu wa Tanga, fundi wa makochi, na maneno yake yalifanana na misumari ya kazi yake: mafupi, na yakishaingia hayatoki. Alikaa Johannesburg miaka mingi, katika jengo lililokuwa zamani kiwanda cha nguo, kisha mwenye jengo akaligawa kwa mbao nyembamba likawa vyumba vya kupanga. Wakongomani walikuwa humo, Watanzania, Warundi, na Wazulu wachache waliochoka na maisha ya hosteli za vibarua. Mbao zile hazikuficha kitu. Akipiga chafya wa chumba cha mwanzo, wa chumba cha mwisho humwombea rehema.

Mkewe, Nusaiba, alikuwa mwanamke wa kicheko. Kicheko chake kilianza chini kama maji yanayochemka, halafu kikafunua kifuniko. Ugonjwa wa sukari haukumnyima kicheko hicho. Sukari ilikuwa ya ukoo wao. Baba alikufa nayo, mama alikuwa nayo kule Tanga, na mdogo wake Tabia alianza kujidunga sindano angali msichana. Nusaiba alikuwa akienda kliniki kila mwezi, akapanga foleni, akarudi na dawa zake kwenye mfuko wa plastiki, na hakuona fahari wala haya.

Siku moja mwaka 2016, alipokuwa akinunua vitunguu barabarani Marshalltown, mtu mmoja mwenye kamera shingoni alimsimamisha. Alimwambia kuwa ana sura ya kuaminika. Juma lile lile yeye na wenzake wakamchukua hadi Sandton, wakamvisha gauni jeupe na mtandio mweupe, wakamketisha kwenye bustani ya maua ya plastiki, wakamtia mkononi bangili ya shaba yenye vijiwe vya sumaku. Walimfundisha maneno. Aseme kwa lugha yake, Kiingereza kitaandikwa chini. Na kwa kuwa mara ya kwanza alisema kama anayesoma gazeti, walimwambia afumbe macho, amfikirie mtu ampendaye kuliko wote, kisha amwambie mtu huyo. Nusaiba alimfikiria Tabia.

Alirudi nyumbani bangili mkononi, zawadi waliyomwachia, akicheka hadi machozi.

"Wamenifanya mganga, mume wangu. Ninaponya sukari kwa bangili."

Othmani hakucheka. Alimwambia kwamba uongo ni uongo hata ukivaa nyeupe, na kwamba ushahidi wa uongo haufi na aliyeutoa. Nusaiba alimjibu kuwa ule ni mchezo tu wa kuigiza, tena wamesema huenda tangazo lenyewe lisitoke. Na kweli, miezi ilipita halikutoka. Bangili akaendelea kuivaa kama pambo, huku akijidunga sindano zake kama kawaida. Mwaka uliofuata figo zake zilichoka. Alifia hospitalini. Wanawake waliomwosha waliivua bangili kwa sabuni, wakampa Othmani pamoja na pete na vipuli.

Tabia alikuja kutoka Tanga kwa ajili ya arobaini ya dada yake. Othmani alimkabidhi nguo za marehemu na vito vyake, kama ilivyo desturi. Tabia hakurudi tena kwao. Alipata kitanda katika chumba cha Léocadie, msusi wa Kikongomani kutoka Bukavu, na akaanza kukaanga sambusa na chapati mlangoni mwa jengo. Mafundi magari wa mtaa ule walimpenda kwa sababu hakuwa na maneno mengi na chapati zake hazikuwa na mafuta ya jana. Othmani alimtazama kwa jicho la kaka. Ndiye pekee aliyebaki wa kumwita shemeji.

Basi ikaingia baridi ya mwaka 2018, ile baridi ya Johannesburg inayopita kwenye kuta kama mwizi mwenye ufunguo. Usiku mmoja Othmani aliamshwa na mlango. Alikuwa Léocadie, blanketi mabegani, uso umempauka.

"Baba Othmani, njoo uone," alisema kwa Kiswahili cha kwao, ambako bibi ni mke. "Bibi yako iko mu televizyo."

Othmani alidhani mama huyu anaota kwa miguu. Lakini kabla hajamjibu, aliisikia sauti yenyewe. Ilitoka upande wa pili wa ubao, ya chini, tulivu, yenye lafudhi ya Tanga, ikisema kwamba ilikuwa mgonjwa na sasa imepona. Alimfuata Léocadie kama mtu anayevutwa kwa kamba.

Nusaiba alikuwa amekaa kwenye bustani yake. Alikuwa mnene kidogo, mwenye afya, vile alivyokuwa kabla figo hazijamkausha. Majani nyuma yake yalitikisika, na mtandio wake haukutikisika. Alikuwa haitazami kamera sawasawa. Alitazama kando kidogo, mahali ambapo katika chumba kile kitanda cha Tabia kiliegemea ukuta, na Tabia alikuwa amekaa papo hapo kitandani, mikono mdomoni.

"Nilikuwa siwezi kupanda hata ngazi," alisema Nusaiba. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka kile kicheko chake. "Sasa nimepona. Usiogope, mdogo wangu. Tupa sindano. Vaa hii."

Aliinua mkono na bangili ikameta. Namba ya simu ikapita chini ya miguu yake, muziki ukalia, na mara akaja mwanamume aliyekuwa akikata kiatu kwa kisu, halafu kwa kisu kile kile akakata nyanya nyembamba kama karatasi, akishangilia peke yake.

Kila aliyekesha na televisheni miaka ile anawakumbuka watu wale wa usiku. Walikuwapo wenye mikanda ya kutikisa matumbo, bibi aliyepiga deki huku amevaa vazi la sherehe, na bwana aliyewasha moto juu ya gari lake ili uone rangi haibabuki. Mchana huwaoni. Huja wakati watu wenye kazi wameshalala, wakabaki wagonjwa, walinzi na wafiwa. Hucheka bila kuambiwa neno la kuchekesha, na hawachoki. Othmani alikuwa hawajui, kwa sababu alilala mapema. Tangu usiku ule aliwajua wote, maana kabla ya Nusaiba alipita wa kisu au wa mkanda, na baada yake alipita wa moto.

Asubuhi yake, alimkuta Tabia kwenye karai lake la sambusa. Alikuwa amevaa bangili ya dada yake. Alimweleza shemeji yake, bila kuficha, kwamba alfajiri ile amezitia sindano zake kwenye pipa la taka.

Othmani aliuliza kama ana wazimu.

"Shemeji, bibi yetu alitulea akitwambia maiti hadanganyi," alisema Tabia, macho yake yakiwa kwenye mafuta. "Yuko nyumba ya haki. Huko uongo haupiti mlangoni. Babu alimjia bibi usingizini akamwambia paa linavuja upande wa kibla. Walipopanda, walikuta kweli."

"Ile ilikuwa ndoto. Hii ni televisheni."

"Kwani ndoto ni nini? Si picha zinazokuja usiku?"

Othmani alimweleza habari yote: Sandton, gauni la kuazimwa, maua ya plastiki, maneno ya kufundishwa. Tabia alimsikiliza kwa heshima, kisha akamwuliza maswali ambayo alikuwa ameyaandaa. Kama lilikuwa tangazo la biashara tu, kwa nini halikutoka Nusaiba alipokuwa hai? Kwa nini lilingoja afe? Kwa nini anasema Kiswahili katika nchi ya Kizulu na Kiingereza, na kwa nini anasema mdogo wangu? Na sindano za hospitali alizijidunga miaka yote, zilimfaa nini? Walipomvua bangili ndipo alipozikwa.

"Walimvua ameshakufa," alisema Othmani.

"Ulikuwapo?"

Hakuwapo. Mwanamume haingii wanawake wanapoosha. Othmani alirudi kwenye karakana yake akiwa na hasira kama nyuki waliochokozwa, akapigilia kochi moja misumari mingi kuliko inavyohitajika.

Majuma yalipita. Kila usiku, saa ya watu wale, Tabia alikaa kitandani mwake, dada yake akaja, akamwambia asiogope. Léocadie aliyekuwa akiipenda televisheni yake kama mtoto alianza kuiogopa. Alijaribu kuizima. Tabia hakugombana naye, alitoka tu na kusimama kwenye ujia, na hapo ndipo Othmani naye alipotambua jambo jipya. Nusaiba alikuwa akisema katika vyumba vyote. Warundi walimfungulia, vijana wa kona walimfungulia, mlinzi wa mlangoni alikuwa naye kwenye simu yake. Televisheni hazikwenda sawa, moja ilitangulia, nyingine ikachelewa kidogo, hivyo sauti ya marehemu ilipita ujia mzima ikijiitikia yenyewe: usiogope, usiogope, usiogope.

Lipo jambo ambalo Othmani hakumwambia mtu. Alikuwa ameacha kulala. Alikuwa akikoga, akivaa shati safi, akikaa kwenye kiti chake gizani na kungoja sauti ile ipite kwenye ubao. Mara moja alijikuta akimwitikia salamu ambayo mkewe hakuitoa. Kutwa alitaka tangazo lile lifutwe, na kucha akaogopa lisije likafutwa.

Kisha simu ilikuja kutoka Tanga. Mama yao, mama wa Nusaiba na Tabia, alikuwa amefariki. Tabia hakuweza kusafiri, kwa kuwa karatasi zake za kukaa nchini zilikuwa zimekwisha na akitoka asingeweza kurudi. Alilia matanga ya mama yake kwenye kitanda cha chuma, akaosha uso, na usiku akamngoja dada yake kwa njaa kuliko zamani.

Siku chache baadaye mafuta ya karai yalimwagikia mguu wake. Léocadie ndiye aliyepiga kelele. Tabia mwenyewe hakujua mpaka alipoangalia chini, maana sukari ilikuwa imeshamla hisia za miguu. Aliufunga kitambaa, akaendelea kukaanga. Léocadie alimnong'oneza Othmani, baada ya juma, kwamba chumba chao kinanuka. Alisema kwao Bukavu harufu ile waliijua wakati wa vita, na haikuwa harufu ya kidonda kinachopona.

Othmani alimbembeleza Tabia, alimkaripia, aliapa kwamba atamburuta hadi hospitali kwa nguvu. Alimwambia ataivunja televisheni ile kwa nyundo.

"Vunja," alisema Tabia. Midomo yake ilikuwa imekauka na sauti imekuwa ya mbali. "Atapitia ya jirani. Dada anakuja pote, shemeji. Hujamwona?"

Ndipo Othmani alipoamua kwenda kukata mti shinani. Alipanda treni ya kasi hadi Sandton, na vumbi la sponji likiwa bado nyweleni, akawauliza walinzi wa majumba ya vioo mpaka akaifikia ofisi ya wauza bangili. Alipokewa na Mkenya mmoja mwenye suti, aliyefurahi kusikia Kiswahili, akamwagizia chai. Furaha yake ilikufa alipoambiwa yule mama wa bustanini amekwisha kuzikwa.

"Pole sana, mzee," alisema. "Sikujua huyu mama aliaga. Huku sisi tunamwona tu ako sawa kila siku."

Alikuwa mtu mwungwana, hakumdanganya. Alisema hakuna anayeuza kama yeye. Wanawake hupiga simu wakimwulizia yeye, si bangili. Wengine husema waliota wanazungumza naye. Alisema pia kwamba hata akitaka kumtoa hawezi, kwa sababu kanda ilikuwa imeuzwa kwa vituo vingine na nchi nyingine, na kule nako wameiuza mbele.

"Mimi nakaa hapa kwa kiti," alisema. "Huyu ndiye anatembea."

Othmani aliuliza kama hakuna mtu duniani anayeweza kumrudisha nyumbani. Mkenya alizungusha kikombe chake, akamtazama kwa huruma iliyomchoma.

"Tuseme ningeweza, mzee. Ungetaka nimfute kabisa? Usimwone tena?"

Othmani alifungua kinywa ili aseme ndiyo. Neno halikutoka. Aliona haya. Aliondoka bila kuaga. Kwenye treni alijitazama katika kioo cha dirisha, akaona kwamba yeye na Tabia walikuwa wateja wa duka moja. Tofauti ni kwamba yeye hakununua bangili.

Njia nzima alifikiri. Kubishana na Tabia hakukufaa, kwa kuwa kila hoja aliyompa aliigeuza ikawa kuni za moto wake. Imani ile alilishwa na bibi yake, na ya bibi haitolewi kwa ya shemeji. Ilibidi aingie mlango ule ule aliopitia Tabia. Alipofika nyumbani, Tabia alikuwa amelala, mguu umevimba kama muhogo, weusi umepanda hadi kifundo. Othmani alivuta kigoda, akakaa.

"Leo sibishani nawe," alisema. "Bibi yenu alisema maiti hadanganyi. Nakubali. Niambie kitu kimoja. Maiti akija, haulizwi?"

Tabia alifikiri. Alisema huulizwa. Bibi alimwuliza babu kama amepumzika, naye babu alijibu.

"Wewe umemwuliza nini Nusaiba?"

Alikuwa hajamwuliza kitu. Alikuwa akisikiliza tu.

"Basi leo muulize. Mama yenu yuko huko huko. Kama Nusaiba yuko nyumba ya haki na anasema nawe, ndiye aliyempokea mama mlangoni. Muulize mama kafika vipi. Akikujibu, mimi nitavaa bangili na wewe utaifia imani yako. Asipokujibu, tunakwenda hospitali."

Tabia alikubali haraka, kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Alishangaa kuwa hakuwa amelifikiria. Alimwomba Léocadie amsaidie kukoga, akavaa kanga safi, akajifunika kichwa. Alitaka ubani, wakampatia, ukawekwa juu ya makaa katika kopo la maziwa, moshi wake ukapambana na harufu ya mguu. Léocadie alikaa karibu na mlango na rozari yake, akisema hataki kuona lakini hataki kutoka. Mwenye kisu alikuja, akakata kiatu chake na nyanya yake. Kisha muziki ulitulia, majani yakatikisika, na Nusaiba akawaangalia.

"Nilikuwa mgonjwa," alisema.

"Dada," alisema Tabia. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Dada, shikamoo. Mama amefika?"

"Nilichoka kila siku. Macho hayakuona vizuri."

"Nakuuliza mama, dada. Mama yetu amefariki. Mimi sikuweza kwenda. Umemwona?"

"Nilikuwa siwezi kupanda hata ngazi," alisema Nusaiba, macho yake yakiwa usoni kwa Tabia kabisa.

"Mama amekufa peke yake, dada."

Nusaiba akanyamaza kidogo, kisha akacheka.

Kicheko kile Tabia alikuwa amekisikia kila usiku na kukipenda. Kilianzia chini kama maji yanayochemka, kikafunua kifuniko. Lakini usiku ule kilianguka juu ya kifo cha mama yao, na hakikupungua wala kuona haya. Kilifika mwisho wake kama kawaida. "Sasa nimepona," alisema Nusaiba kwa upole. "Usiogope, mdogo wangu."

Léocadie aliangusha rozari. Othmani, ambaye ndiye aliyelitunga jambo lile, alihisi baridi ikimpanda mgongoni kama siafu. Alimwona mkewe, na kwa mara ya kwanza aliona vizuri kwamba hapakuwa na mtu mle. Palikuwa na gauni, na meno, na sauti, kama nyumba iliyoachwa taa zinawaka.

Namba ya simu ilipita. Tabia hakulia. Alijaribu kuivua bangili, mkono ulikuwa umevimba, haikutoka.

"Dada yangu angekufa mara ya pili kabla hajamcheka mama," alisema. Kisha akamgeukia Othmani. "Shemeji, nitafutie gari."

Mguu haukuokoka. Madaktari waliukata chini kidogo ya goti, na walisema kwamba siku mbili zaidi wangekuwa wanazungumza habari nyingine. Bangili waliikata kwa mkasi wa chuma, ikatupwa pamoja na bandeji. Tabia alilala wodini mpaka baridi ikaisha. Othmani alimpelekea uji, naye usiku akarudi kulala kama zamani. Sauti ilipopita kwenye ubao, alivuta blanketi kichwani akamwombea mkewe. Kilichomwuma ni kile alichokuwa amemwambia siku ile, kwamba ushahidi wa uongo haufi na aliyeutoa. Aliyesema amelala kaburini, uongo wake uko barabarani, na hakuna wa kuufuata na kuurudisha.

Mwezi wa Septemba Tabia alipewa siku yake ya kwanza ya kliniki. Walitoka alfajiri, yeye kwa magongo, Othmani amembebea kigoda. Walidhani wamewahi, lakini walikuta foleni imeshapinda kona na kuipita robot ya pili, yaani taa za barabarani. Wazee walikuwa wamejifunika mablanketi, akina mama wana watoto mgongoni, vijana wameegemea ukuta. Mlango ulikuwa bado umefungwa. Rangi yake ilikuwa imebabuka, na hapakuwa hata na kibao cha kuonyesha kwamba ndani kuna dawa.

Mbele yao alikuwapo mama mmoja wa Kizulu, mtu mzima, aliyegeuka mara moja, akageuka tena, kisha akageuka mwili mzima na kumkodolea Tabia macho. Tabia na marehemu dada yake walifanana kama shilingi kwa ya pili, na Tabia alikuwa amenenepa kidogo wodini, na baridi ya asubuhi ilikuwa imemfanya ajitande mtandio mweupe. Mama yule aliuliza kwa Kizulu, kwa adabu, kama yeye si yule dada wa bustanini, wa televisheni, wa bangili.

Othmani alikuwa akikijua Kizulu zaidi. Alijiandaa kueleza kuwa siye, yule alikuwa dada wa huyu, tena ni marehemu. Tabia alimshika mkono wa shati.

"Ni mimi," alisema kwa Kizulu chake cha kuungaunga. "Nilisema uongo."

Alipandisha gauni kidogo, akamwonyesha mahali mguu ulipoishia. Mama yule alitazama kwa muda mrefu. Waliokuwa karibu nao walitazama, mmoja akaguna eish kwa sauti ya chini, na habari ikapita kwenye foleni kutoka sikio hadi sikio. Kisha mama yule alipandisha mkono wa sweta lake. Bangili ilikuwa imembana. Aliilowesha kwa mate, akaivuta mpaka ikatoka na kumwachia alama nyekundu, akaiweka juu ya ukuta wa kliniki. Nyuma kidogo, mwanamke mwingine aliyekuwa amejikunja ndani ya koti lake alitoka kwenye foleni, akaja akaweka ya kwake kando ya ile, akarudi mahali pake ameinamisha macho.

Othmani alitaka kumwambia Tabia kwamba amejitwika dhambi isiyo yake. Hakumwambia. Alikuwa amesikia, katika sauti ile inayofanana na ya mkewe, neno ambalo mkewe hakujaliwa muda wa kulisema, na moyo wake ulitua kama mzigo ulioshushwa na mwenyewe.

Mlango wa kliniki ulifunguliwa. Muuguzi alichungulia, akapiga mwayo, hakumwita mtu wala kumtabasamia mtu. Foleni nzima ikaanza kusogea. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.